Nimemaliza Visogo, Sasa Nadaiwa Nyuso

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba nimekamilisha kupiga picha visogo vya mtaa mzima. Cha kinyozi ninacho, cha mwenye duka ninacho, vya mama yangu ninavyo vingi hadi kaka ameniita Bi Kisogo na jina limeshika. Naomba uniokoe.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasomea uhasibu kwa sababu baba alisema hivyo, lakini tangu mjomba aniachie kamera yake kuukuu sina akili nyingine, na karibu na chuo kuna mzee mwenye studio ya picha anayetafuta mwanafunzi wa kumfundisha kazi wakati wa likizo, nikajikaza nikampelekea picha zangu, akazitazama moja moja, mwishowe akaniuliza, "Binti, hawa wote umegombana nao?" nikacheka peke yangu, akasema, "Niletee nyuso. Za watu wanaojua kwamba unawapiga. Ijumaa. Usipokuja nampa mwingine," na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu mtu akinitazama tu kupitia kioo cha kamera mikono inatetemeka, roho inataka kutoka, naona kama ameshajua kwamba sijui kitu, na jana nilimvizia fundi cherehani wa pale kona, mama mmoja ana uso mzuri wa ukali, akageuka ghafla, "We mtoto! Unanipiga picha unanipeleka wapi?" watu wakajaa, nikasema napiga cherehani, akasema, "Tangu lini cherehani ikawa na pua?" nikakimbia, mfuniko wa lenzi nikauacha pale pale, na sasa nazunguka njia ya nyuma kwenda chuo, na baba akisikia atasema si nilikwambia, na huyo mwingine atakayepewa nafasi yangu namwota, ana kamera mpya na hatetemeki hata kidogo. Nifanye nini? Namba ya studio nimeiandika hapo chini usije ukadhani nimetunga.

Mwenye Hofu

*

Mwenye Hofu,

Pole mwanangu. Ila nawe umezidi. Tuliomba picha yako ya kuweka juu ya barua, umetuma kisogo.

Hicho unachokifanya mtaani ni kuvizia, na anayeviziwa ana haki ya kufoka. Yule mama hakukukatalia picha. Alikuuliza swali, ukamjibu uongo huku ushahidi umeushika mkononi.

Anza nyumbani. Mwambie mama akae karibu na mlango, mwanga umpate upande mmoja, na umwambie kabisa kwamba leo unataka uso. Atataka kwanza kubadili kitambaa. Mwache abadili, usimharakishe, na kaa naye mkitazamana mpaka uzoee. Mikono ikitetemeka, bana viwiko mbavuni, egemea ukuta, piga wakati unatoa pumzi. Picha za kwanza zitakuwa mbovu. Piga nyingine.

Kisha nenda kwa fundi cherehani, na upite mbele. "Shikamoo mama, nimefuata mfuniko wangu, na siku ile nilikudanganya, nilikuwa nakupiga wewe." Muoneshe uliyoipata. Mwambie ni ya nini na nani ataiona. Akikataa, ifute mbele yake, shukuru, nenda zako, hujafa. Akikubali, tafadhali usimwambie atabasamu, huo ukali ndio uliokupeleka.

Uhasibu usiuache. Nawajua wapiga picha hodari ambao mpaka leo hawajui watoze nini.

Woga hautaisha kabla ya Ijumaa, wala usikae kuungoja uishe. Nenda nao studio, ukae nao kwenye benchi. Na kuhusu huyo mwingine mwenye kamera mpya, nilipiga ile namba uliyoandika. Mzee alipokea mwenyewe.

Hakuna mwingine aliyeomba.