Chupa za Kahawa Nilizozisahau

Mjukuu wangu Ruthi,

Huku Kolwezi tuko wazima. Mama yako alitoka Kasaji juzi na mihogo. Unauliza kama utupe zile chupa zako za maabara unamooteshea miche kwa vipande vya majani ya kahawa, maana jeni zinazogeuza jani kuwa mche bado zimelala.

Ujanani niliosha vyombo kwenye maabara ya kahawa. Siku moja mkubwa wangu aliona vipande vya majani ndani ya chupa vimekuwa vyeusi. "Tupa bile byote, bilisha kufa," akaniambia. Miezi ikapita, akazikuta chupa kabatini, ndani mna vijimea vya kijani. Akanisifu mbele ya wote kwa subira yangu, nami nikashukuru. Kweli ni kwamba niliziweka kabatini nizitupe kesho yake, nikazisahau tu.

Wewe zisahau kwa makusudi.

Nkambo yako