Mlango wa Gereji Unaogoma Asubuhi

Mpendwa Mama Fidelia,

Nakuandikia nikiwa jikoni, karibu na jiko la mkaa, mahali pekee penye joto katika nyumba hii, na nakuomba ushauri wewe unayejibu barua za watu, kwa sababu hunijui, maana wanaonijua wote nimeshawadanganya.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mzaliwa wa Njombe, lakini niliishi Tanga miaka arobaini na mmoja, nikafundisha huko, nikaoa huko, nikamzika mke wangu huko, na Novemba iliyopita nikarudi kuishi katika nyumba yangu hapa mtaa wa Ramadhani, pamoja na Janeth, binti wa marehemu mdogo wangu. Mwezi wa kwanza nilimwita kijana mmoja mchomeleaji kutoka Mahongole, Makambako, jina lake Manase, anitengenezee mlango wa gereji, ule wa chuma unaoteleza kwa magurudumu juu ya reli iliyolazwa sakafuni, naye akaja kupima mara nne, ingawa nadhani mara tatu kati ya hizo hakuwa anapima mlango, kwa kuwa Janeth alikuwa anampelekea chai. Alipomaliza kazi akaniambia, “Mzee, reli uifagie tu, usiipake kitu chochote. Grisi ya magurudumu nitakuja kutia mwenyewe kila miezi mitatu.” Nikamwitikia kama tunavyowaitikia vijana.

Sasa sikiliza kosa langu. Kule Tanga mke wangu, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alikuwa anachukua chupa ya mafuta ya nazi na kutia matone kwenye bawaba za milango yote, yaliyobaki viganjani akajipaka mikononi, na nyumba ikanukia hadi jioni. Nami nilipopata mlango mpya nikaifuata ratiba yake, ila yeye alitia matone na mimi nilimimina, reli nzima, mwanzo hadi mwisho, kila mwezi, na wala sikuona dalili yoyote mbaya kwa sababu chupa yake ile, niliyohama nayo, inakaa kwenye rafu juu ya jiko hili.

Mwezi wa sita ukaja na baridi yake, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Washenga wa Manase walifika saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala barabarani, na viti vyote na kreti za soda vilikuwa gerejini, na mlango ukakataa kusogea. Nilisukuma mimi, akasukuma dada yangu Oktavia, mwishowe mshenga mkuu, mzee Yoramu, akavua koti lake la suti akasukuma naye huku anahema, na wageni wakabaki wamesimama uani wakipuliza viganja. Nikaona aibu, na aibu ikanitoa maneno. Nikasema mbele ya wote, “Kama mlango alioutengeneza mwenyewe haufunguki, nyumba yake itamfungukia nani? Autengeneze kwanza, posa tutaizungumza baadaye.” Watu walicheka sana. Janeth hakucheka. Tangu siku hiyo ananiwekea ugali mezani, ananiambia “Karibu, Baba mkubwa,” na kuondoka.

Manase amekuja mara tatu. Gari analopanda kutoka Makambako linamfikisha hapa saa sita mchana, jua likiwa limeupiga mlango ule tangu asubuhi, na kila mara anausukuma kwa kidole kimoja nao unakwenda. Mara ya tatu akanitazama akasema, “Shida yake sijaiona, mzee. Labda mlango huu unanipenda.” Nikamjibu kwamba ugonjwa upo ila unajificha. Akafungua magurudumu yote, akayasafisha, akayarudisha, akaaga kwa heshima. Baada ya maneno yangu kuenea, majirani wawili waliotaka awatengenezee mageti wameahirisha.

Juma lililopita niliisahau chupa juu ya boneti ya gari, ambalo siku hizi linalala uani. Asubuhi nikaikuta nyeupe kama mshumaa. Nikainama, nikakwaruza reli kwa ukucha, ukatoka na weupe uleule. Mama Fidelia, nimefundisha miaka thelathini na minne kwamba mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi ishirini na nne, na nimewahi kumfelisha mwanafunzi kwa kusema ishirini.

Washenga wanarudi Jumamosi ijayo, saa mbili ileile. Mpango wangu ni kwamba Ijumaa, Janeth akiwa kwaya, nisafishe reli kimyakimya kwa mafuta ya taa, Jumamosi mlango ufunguke wenyewe, kisha nimsamehe Manase hadharani, posa ipokelewe, na kila mtu abaki na heshima yake. Je, huo ni uongo, ikiwa mlango utakuwa umefunguka kweli?

Mwenye mlango,
Mtaa wa Ramadhani, Njombe

*

Shikamoo mwalimu. Salamu umeshaipata, sasa kaa unisikilize.

Ndiyo, ni uongo, tena wa mtu aliyesoma, ndiyo maana umeupanga vizuri hivyo. Unataka kumsamehe kijana kwa kosa lako mwenyewe, akushukuru, na pengine akuletee blanketi. Alikuambia ufagie reli. Ukafanya nini? Ukaikaanga. Kisha ukamwacha apoteze kazi kwa watu wawili na kusafiri mara tatu kuja kutibu mlango mzima, nawe umesimama pembeni umefunga mikono nyuma kama mkaguzi wa elimu.

Nimemuuliza fundi anayejua milango hii. Komba ule uchafu kwa kijiti, pangusa reli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na hilo jiko unalolikumbatia, kisha kausha. Reli ibaki kavu na ifagiwe kila juma, kwa sababu kitu chochote cha mafuta kinashika vumbi. Grisi kidogo ni ya mhimili wa gurudumu tu. Nati zikazwe, na ukaguzi ufanyike mwezi wa tano, kabla ya baridi. Maneno haya yote ulishayapata bure mwezi wa kwanza.

Lakini Ijumaa usiguse reli. Toa viti na soda mchana, jua likiwa linaufungua mlango, maana wale wazee hawana kosa la kusimamishwa tena kwenye ukungu. Ukishafunga mlango, chupa yako iache juu ya boneti ilale hukohuko, uichukue asubuhi.

Manase naye mwagize afike pamoja na washenga wake. Jumamosi wageni wakishakaa, kabla halijasemwa neno la posa, mwombe mzee Yoramu asukume mlango. Utagoma. Simama mbele yao, fungua kifuniko cha chupa, uipindue juu chini. Halitadondoka tone. Umefundisha miaka thelathini na minne, hutahitaji maneno mengi, yatosha kusema, “Hiki ndicho nilichomimina kwenye reli, na Manase alinikataza.” Watacheka kuliko mara ya kwanza. Waache, kicheko kile ulikikopa kwa jina la mtu mwingine. Wakimaliza, piga magoti usafishe reli mwenyewe, na Manase akija kukusaidia, mpe kitambaa cha pili. Jumapili, baada ya ibada, nenda kwa wale majirani wawili uwaambie kwa mdomo uleule.

Janeth ataanza kula na wewe. Simuahidi mtu mengi, lakini hilo naliona.

Na kuhusu mafuta ya nazi, mwalimu, nimekuelewa. Hukuwa unalainisha mlango. Ulikuwa unataka Jumamosi ya kwanza ya mwezi inukie kama zamani, na baridi ya kwenu ikakunyima. Chupa ile mpe Janeth. Mwambie ilikuwa ya mama yake mkubwa, na siku ya harusi aipashe joto kidogo ajipake nywele. Utakapomshika mkono kumpeleka mbele kanisani, utaisikia hiyo harufu bila kumimina chochote.

Mama Fidelia