Skrini Moja, Mashine Mbili

Baba Anna,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, haijabadilika tangu tulipokulaza kule Mkuu, Rombo, pembeni ya migomba ya marehemu baba yako. Yangu ni nzima. Anna yuko bweni, ana afya, na barua zake zote zinaomba sukari. Nakuandikia kwa sababu Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kukukumbuka, katekista alisimama akakutolea mfano mbele ya watu, na mfano wenyewe ulikuwa ile swichi.

Ndiyo, swichi ya mezani kwetu. Alisema wanaume wajifunze kwako. Ulijua siku zako zimekaribia, akasema, ukampangia mkeo mambo kimya kimya bila kumsumbua mtu. Akina mama wakatikisa vichwa, mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele kama mjane anavyotakiwa, na sikutikisa kichwa. Habari yako sasa inatembea Rombo nzima, na kila inapofika inaongezwa chumvi. Kwa hiyo naiandika kama ninavyoikumbuka mimi niliyekuwepo, na atakayetaka kuisoma aisome.

Tulikuwa na chumba kimoja cha steshenari pale Moshi mjini, unakikumbuka, mlango wa bluu, karibu na fundi viatu. Ulikifungua ulipopunguzwa kazi kiwandani, miaka ile ambayo kila aliyepunguzwa alikuwa anatafuta mlango wake wa kufungua. Tulianza na taipureta, tukaja na kompyuta ya mtumba, kisha tukapata ya pili mpya. Wewe Mrombo, mimi Mmachame, na Kichagga chako na changu havikuelewana hata kwenye kuombana chumvi, kwa hiyo ndoa yetu yote tuliiendesha kwa Kiswahili. Shangazi yako alikuonya mapema: "Ukioa Machame, ujue umeolewa." Ulinisimulia siku ya pili ya ndoa, ukicheka, na nadhani ulikuwa unapima nitasemaje. Nilisema chai imepoa.

Zile mashine mbili zilikuwa na kazi mbili tofauti. Ya zamani ilishika ile printa ya kelele, ndiyo iliyotoa mitihani ya shule na mihutasari ya parokia. Mpya ilitoa kadi za harusi za rangi na kupokea barua pepe za watu wenye watoto nje. Printa ya zamani haikutaka kabisa kusikilizana na mashine mpya, kama mkwe na mama mkwe. Tulihitaji zote mbili, maana mitihani ndiyo iliyolipa pango, na harusi ndizo zilizolipa shule ya Anna. Mwenye moja tu kati ya hizo angefunga mlango wa bluu kabla ya mwaka kuisha.

Kisha umeme ukakatika mchana mmoja, ukarudi kwa nguvu, na skrini ya mashine ya zamani ikafuka moshi. Ukasema imekumbuka iko mji gani. Nilikuwa na hasira, lakini nilicheka.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, kama kweli ulikuwa ugomvi. Mimi nilitaka tununue skrini nyingine, kila mashine iwe na yake, wewe ukae huku na mimi huku, tuhudumie wateja wawili kwa pamoja. Wewe ulikuwa umesikia habari za swichi, kiboksi ambacho unachomeka mashine mbili kwa nyuma, na mbele unaweka skrini moja, kibodi moja na kipanya kimoja. Ukichagua ya kwanza, unaona ya kwanza. Ukichagua ya pili, unaona ya pili.

"Una macho mangapi wewe?" uliniuliza.

"Manne," nikasema, "ukiweka na yako."

Ukaendelea kufuta vumbi kwenye kibodi kwa brashi ya rangi. Siku ile nilifurahi kwamba nimeshinda. Kesho yake ulikuja na swichi.

Ile ya kwanza ilikuwa ya kuzungusha, umeiazima dukani kwa majaribio, maana wewe ulijaribu hata kiberiti kabla ya kukinunua. Ilikuwa na kitasa kama cha jiko la umeme, na ukikizungusha herufi zinatetemeka kwanza, kisha zinatulia. Hilo tungelivumilia. Tatizo ni kwamba ukihama kwenda mashine moja, nyingine inaona kama kibodi yake imeng'olewa. Umeme ukikatika na kurudi, na pale kwetu ulikatika upendavyo wenyewe, ile mashine isiyochaguliwa inaamka, inatafuta kibodi, haiioni, inagoma. Unaizungushia kitasa, unaikuta imeandika kwamba haina kibodi, inakusubiri. Tuliiona wiki nzima ikigoma na mitihani ya darasa la saba iko ndani yake. Ukairudisha dukani, nami nikadhani sasa nitapata skrini yangu.

Miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba. Ulipanda hospitali asubuhi, ukarudi mchana, nikakuuliza wamesemaje, ukasema, "Presha tu. Nipunguze chumvi." Halafu, kabla hata hujakaa, ukaniambia umepita kwenye simu ya kulipia ukampigia Festo. Festo mdogo wako, kitinda mimba wenu, alikuwa na biashara yake Tarakea, mpakani, na watu wake wa Nairobi walimletea chochote. Umemwagiza swichi ya aina nyingine, ya kubonyeza, ya bei mbaya. Hilo nalo katekista analitaja: mtu asiyenunua ghali, katoka hospitali, kanunua ghali. Nimemsikia. Lakini mimi nilikuwepo ulipopiga hesabu nyuma ya bahasha, na hiyo swichi ghali bado ilikuwa nafuu kuliko skrini.

Festo aliileta mwenyewe, imefungwa kwenye gazeti, bila kujua ni cha kazi gani. Ulipoifunga ukanieleza kwa nini hii haigomeshi mashine.

"Ile unayoiacha, hii inaidanganya kwamba kibodi bado ipo."

"Kwa hiyo haijui kama umeondoka?"

"Haijui. Kazi inaendelea."

Kisha ukachomoa nyaya zote, ukaniambia nizirudishe mimi. Nikakosea, ukazichomoa tena. Nilifunga uzi mwekundu kwenye nyaya za mashine mpya ili nisichanganye, ukasema uzi ni wa watoto, lakini hukuutoa. Hata hilo la kunifundisha wamelitia kwenye mahubiri. Wanasahau kwamba hata jiko la mafuta ya taa ulinifundisha hivyo hivyo, kulifungua lote na kulirudisha, wakati ule una afya ya dume la ng'ombe. Ulikuwa mwalimu tu, wa kukasirisha.

Tukabaki na kiti kimoja mbele ya skrini moja. Mimi nilichapa, wewe ulikaa pembeni kwenye kigoda, ukikata karatasi na kuzungumza na wateja. Nilikulalamikia. Nakumbuka vizuri, nilikulalamikia karibu kila siku, kwamba watu wawili wazima tunafanya kazi ya mtu mmoja, kwamba tungekuwa na skrini mbili tungekuwa mbali. Wewe ulisema, "Chapa, Mama Anna." Kabla ya Pasaka ulikuwa umefariki.

Sasa hili la matanga. Baada ya maziko ukoo ulikaa pale Mkuu, pombe ya mbege ikapita, wakazungumza Kirombo. Walidhani sielewi. Ndoa ndefu inafundisha lugha, Baba Anna, hasa maneno ya mali. Kihamba, shamba la migomba la baba yenu, kilikuwa tayari cha Festo kama kitinda mimba, ndiyo mila, sikuwa na neno. Koti lako na redio vikapata wenyewe. Halafu Festo akasema mashine ziko mbili. Moja ibaki kwa shemeji, moja ipande Tarakea, naye atamsaidia Anna kwa sababu mtoto wa kaka yake ni mtoto wake. Hakusema kwa ubaya. Nilimwangalia, nikaona anaamini anachosema. Nikaona pia mlango wa bluu umefungwa.

Baba Mkubwa wako, aliyegawa mashamba ya nusu ya kijiji, akasema hagawi kitu asichokiona. Kwa hiyo wakashuka Moshi kwa pikapu ya kukodi, yeye, Festo na mimi. Nikawafungulia. Nikamwamkia tena Baba Mkubwa, nikampa kile kiti kimoja.

"Mama Anna, hebu washa hii," akasema, akionyesha mashine mpya kwa fimbo.

Nikawasha, kadi ya harusi ikatokea.

"Haya. Sasa washa ile."

Nikawasha, nikabonyeza kitufe. Kadi ikatoweka, mtihani wa sayansi ukatokea palepale.

"Aisee," akasema Festo. "Hicho kidude si ndicho nilichokileta mimi?"

"Ndicho, shemeji."

Baba Mkubwa akainama, akaangalia chini ya meza, akafuata nyaya kwa kidole mpaka kwenye kiboksi, akarudi nazo. "Ile ya mtihani, macho yake yako wapi?"

"Ni haya haya, Baba Mkubwa."

"Na hii mikono?"

"Ni hii hii."

Akakaa. Akamwambia Festo, safari hii kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie: "Huu ni mfongo. Mfereji ni mmoja, unamwagilia huku, unaziba, unamwagilia kule. Maji ya zamu. Wewe unataka kukata mfongo, ubebe kipande begani, upeleke Tarakea?"

"Nitachukua boksi la mashine tu, Baba Mkubwa."

"Linaenda na nini? Litaenda kipofu, halina mikono. Hatumrithishi mtu kipofu. Hii ni mali moja."

Festo akanigeukia, akaniuliza kama kweli boksi moja haliwezi kufanya kazi peke yake. Nikamjibu ukweli, kwamba bila skrini na kibodi haliwezi. Hakuniuliza skrini zinauzwa wapi. Akakubali, akanywa soda, wakapanda pikapu. Siku hizi akishuka mjini huniletea maharage ya Rombo na kuuliza matokeo ya Anna, na hatujawahi kulizungumza tena.

Ukweli ni huu, na sikatai: kama ungeninunulia ile skrini niliyoidai, siku ile pale mezani kungekuwa na kompyuta mbili kamili, kila moja na macho yake na mikono yake, na moja ingepanda Tarakea mchana ule ule. Mimi ningebaki na nusu ya kazi. Anna asingekuwa bweni akiomba sukari. Kila nikipokea ripoti yake ya shule nalikumbuka hilo, na nakushukuru. Ninasema wazi ili usidhani nimesusa.

Ila wao wanataka zaidi ya shukrani. Wanataka uwe ulijua. Daktari alikwambia yote asubuhi ile, wanasema, nawe ukashuka ngazi za hospitali ukifikiria matanga yako mwenyewe, ukifikiria Festo, ukifikiria Baba Mkubwa na fimbo yake, ukaona hiki kiboksi ndicho kitakachonilinda. Ni habari nzuri. Mwanamke mmoja wa jumuiya aliniambia anatamani mume kama wewe. Nikamwambia asubiri kwanza amwone akihesabu vijiti vya kiberiti.

Ningeweza kwenda kuuliza. Muuguzi mmoja wa pale ni mtu wetu wa Machame, na Wamachame tunaambiana. Nimepita mbele ya lile geti mara nyingi nikienda kununua karatasi. Sijaingia, na sitaingia.

Maana kama ulijua, mbona hukuniambia? Kama ulijua, basi tangu siku ile mpaka karibu na Pasaka ulikaa kwenye kigoda, kiwiko chako kinagusa changu, unakata karatasi za harusi za watu huku unahesabu siku zako peke yako. Nami nilikuwa palepale. Ningeacha kuchapa. Ningekushika mkono. Badala yake nilikuwa nakuimbia habari za skrini ya pili, nawe unaniambia nichape.

Hilo siwezi kulibeba, hata wakilisomea misa. Kwa hiyo kanisani nitaendelea kukaa benchi la mbele bila kutikisa kichwa, na atakayeniuliza nitamwambia nilichomwambia katekista pale mlangoni: marehemu hakujua lolote, alikuwa bahili tu. Katekista alidhani nimekutukana, akaangalia pembeni.

Uwe bahili, Baba Anna. Nakuomba. Ubahili nilishakusamehe zamani.

Mkeo,
Mama Anna