TB Ile Haikuwa ya Kompyuta

Doha,
Jumapili

Dada yangu Kabula,

Mwangaluka, dada, na shikamoo. Natumaini hapo Bariadi mmeamka salama na mayu, mama yetu, leo amekula walau kidogo. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauna raha. Barua hii anakuletea Juma, mwenzetu wa Nyashimo anayekuja likizo. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ningefuta.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiandikiana mwezi ule. Kwanza ulikuwa unangoja majibu ya TB, ile bodi ya tenda ya halmashauri, kuhusu tenda ya kuwauzia karatasi za duka lako. Ukapata. Kisha tukaingia kwenye habari ya diski ya kutunzia kazi za wateja, nikakwambia nitakuja Desemba na ya TB moja, yaani terabaiti, maana ndivyo sisi wa kompyuta tunavyopima nafasi. Ndipo siku moja nikiwa kazini nikakuta umetuma sauti ya dakika mbili, na chini yake maneno machache: "Ndiyo hivyo, ni TB. Tuanze sasa au tukusubiri?"

Sauti sikuifungua. Nikajibu, "Hakuna haraka. Nisubirini Desemba."

Na mayu, aliyekuwa anaogopa majirani watamtenga kwa kifua kikuu, akapata pa kushikia. Ulinisimulia baadaye: muuguzi alimpa dawa, akazikataa. "Maduhu amesoma. Yeye kasema tusubiri." Wiki tatu nzima, mpaka uliponipigia ukilia kwamba anatema damu.

Ulipokata simu ndipo nikaifungua ile sauti. Ulieleza kila kitu, dada: makohozi yaliyopimwa, alivyokonda, anavyokataa dawa. Na nyuma yako mayu mwenyewe anakohoa. Nilikaa kwenye ngazi pale kazini, nikaisikiliza tena tangu mwanzo.

Lakini kinachonitafuna zaidi ni cha Jumamosi iliyofuata. Mjomba Sita alituweka wote kwenye simu, akauliza, "Nani alimwambia mgonjwa asubiri?"

Ukasema, "Ni Maduhu, mjomba."

Nami nikasema, "Mimi sikuambiwa habari za ugonjwa. Aliandika TB tu, nikajua ni mambo ya kompyuta."

Akakufokea, akakuita mzembe mbele ya watoto wako. Nilikuwa nasikia yote. Nikanyamaza.

Uliniambia, Kabula. Sikusikiliza, kisha nikadanganya.

Namshukuru Mungu dawa zinamkubali mayu na amerudi nyumbani kutoka hospitali, na kwamba mwanao Minza, anayelala naye, alipimwa akakutwa salama. Lakini kwa mjomba wewe bado ndiye mkosaji, na niliyekuweka hapo ni mimi.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa aliyetoka Mwamapalala kuja kumuuguza mayu. Mjomba usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome kwa sauti, wote mkiwa mmekaa, na asiruke neno.

Mdogo wako,
Maduhu