Kijani Kilichotoka Kwenye Gambuti za Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje tangu umalize zile dawa? Na Yohana ameshapanda alizeti, au bado anaangalia mawingu? Mimi ni mzima, ila tangu Jumanne akili haitulii na kazini nimeshavunja chupa mbili.

Unazikumbuka gambuti za baba, zile alizovua ukingoni mwa lambo siku aliyoingia kumtoa ndama. Nilipozichukua kuja nazo huku Ujerumani uliniambia nizioshe. Sikuweza. Zimekaa chini ya kitanda mwaka mzima, matope ya lambo yamekaukia kwenye soli.

Sasa, profesa ninayemwoshea vyombo vya maabara ni mama mtu mzima, anachunguza mwani wa maji baridi, ule ukijani unaotanda juu ya madimbwi. Siku moja nilimsimulia lambo letu, linavyokauka kiangazi mpaka linapasuka. Akaniomba kijiko kimoja tu cha yale matope. Nilikataa. Baada ya wiki nikampelekea.

Akayaloweka, akayaweka chini ya taa. Jumanne akaniita kwa sauti, nikadhani nimeharibu kitu.

"Neema, chungulia!"

Nikainamia hadubini. Mama, vimo vitu hai! Vidude vya mviringo, vya kijani, vinabiringika polepole kama vina safari yao. Profesa alikuwa amekaa chini, kashika kichwa. Aina hiyo imeonekana sehemu chache mno duniani. Yeye ameisoma vitabuni tu, miaka yote.

"Umesema imetoka wapi?"

"Ikungi, kwetu. Lambo la baba."

Nikatoka nje kwenye baridi bila koti, nikalia. Maji yale yale yaliyomchukua baba, Mama! Na yalikuwa yamekauka kabisa!

Nikampigia Yohana nimweleze. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, trekta lilikuja jana. Mama ameshalifukia lambo."

Nilikaa pale pale kwenye ngazi. Profesa nilipomwambia, alifunika mdomo kwa mkono.

Sikulaumu, Mama. Najua umekuwa ukizunguka njia ya makaburini kila siku ili usilione. Ningekuwa hapo ningelifukia kwa jembe. Jana nimempa Profesa gambuti ya kulia. Ya kushoto nimebaki nayo.

Nisalimie shangazi na mke wa Yohana, mwambie amnyonyeshe mtoto vizuri. Yohana atakusomea hii, asiruke mahali.

Mvua zikianza, pale palipofukiwa ng'ombe watapita na maji yatatuama kwenye nyayo zao. Ukiona yamekuwa ya kijani, nipigie. Na kama moyo haukupi kutazama, Mama, usitazame.

Binti yako,
Neema