Mikono ya Waipa na Safari ya Bibi Gwantwa

Ihanda, Mbozi,
Mkoa wa Songwe.
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa mwanetu Ipyana,

Pokea salamu zinazonukia moshi wa kuni na udongo uliolowa, maana mvua ya huku haijatupa nafasi ya kunukia kingine. U hali gani huko Gaborone? Na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi, kimetulia? Sisi tuko salama. Mahindi yamebeba. Mama yako mdogo Ferista ana afya tele, na ushahidi ni kwamba bado anarekebisha kila ninachosema. Bibi yako Gwantwa ni mzima kuliko sisi wote. Goti lake huuma siku za palizi. Siku za sherehe hupona.

Najua unajiuliza kwa nini baba yako mdogo anaandika barua zama hizi za simu. Nimejaribu simu. Kila nikifika kwenye habari za gari unaniambia mtandao unakatika. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo kaa chini usome.

Ulituandikia kwamba kama ile Noah uliyomnunulia Bibi imelala tu uani, tuiuze kabla kuku hawajairithi. Ni kweli gari lilikuwa limelala, lakini halikulala bure. Msimu uliopita wa kahawa, Ferista aliliona limesimama kando ya vichanja vya kuanikia, akafunga kamba za turubai kwenye mikono ya waipa, ile miwili inayofuta kioo cha mbele, ili umande usiilowanishe kahawa. Alisema katika nyumba hii kila anayekula anafanya kazi, na gari nalo linakula betri. Kahawa ilikauka vizuri mno, hata kwenye chama cha ushirika waliisifu. Upepo ndio haukusifu. Ulivuta turubai, turubai likavuta kamba, na huko chini ya kioo kiungo kimoja kikachomoka kimya kimya. Hakuna aliyejua, maana kiangazi hakiulizi waipa.

Mvua ndiyo iliyouliza. Mwezi wa kwanza ililetwa habari kutoka Itumba, wilayani Ileje, kwamba Bibi Gwalugano, dada yake Bibi yako, haamki tena kitandani bila kushikwa, na kwamba kutwa anamtaja mdogo wake. Wamebaki wawili tu katika tumbo lile. Na Bibi yako unamjua: basi dogo hapandi, linamtapisha mbele za watu, bodaboda hataki hata kuisikia. Akasema, "Nitakwenda kwa gari la mjukuu wangu. La sivyo Gwalugano aondoke bila kuniona, na ninyi ndio mtakaojibu."

Tukaondoka. Tulipofika Mpemba, pale tunapoiacha njia ya Tunduma na kushika ya Isongole, mvua ikatupokea. Nikawasha waipa. Ya upande wangu ilijikongoja kama mzee aliyelazimishwa kucheza harusini. Ya upande wa Bibi haikuinuka kabisa. Nikatoa kichwa dirishani, nikaendesha hivyo mpaka Bibi alipoona masikio yangu yanachuruzika maji.

"Hezron, geuza," akasema. "Kwa dada yangu siendi kwa kupapasa."

Nikageuza.

Nikamwita Ombeni, fundi wa Tunduma, yule anayetengeneza malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Ni kijana mzuri, ila kwake kitu chochote kidogo kuliko gurudumu la lori ni pambo. Alichungulia, akasema ugonjwa wenyewe ni mdogo: kiungo kirudishwe mahali pake, kikazwe. Tatizo ni kwamba kukifikia lazima kwanza uondoe ile plastiki iliyo chini ya kioo, na plastiki haitoki mpaka mikono ya waipa iondolewe. Nati zilifunguka bila ubishi. Mikono yenyewe ikagoma. Kutu ilikuwa imeishika kwenye meno ya ekseli zake, vile vichuma vinavyoizungusha, kana kwamba ilizaliwa pale.

Ombeni akaitikisa, akaibinua kwa bisibisi, kisha akainua nyundo. Nikamshika mkono. Akasema, "Mzee, nimefungua magurudumu ya malori yaendayo Kongo. Hiki ndicho kitakachonishinda?"

"Hakitakushinda wewe," nikamwambia. "Kitakishinda kioo."

Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akitusimamia, akaongeza kwamba tukikivunja kile kioo yeye atakwenda Itumba kwa miguu, na tutamfuata nyuma tukimbebea mzigo.

Basi nikakaa nikaiangalia ile mikono. Shule yangu unajua ilipoishia, lakini macho hayajaacha kusoma. Nikaona kumbe hii ni ndugu wa mashine yetu ya kumenyea kahawa. Kila msimu kabla ya mavuno tunalitoa lile gurudumu lake, nalo linaganda vilevile, na hatujawahi kuligonga. Nati unairudisha kidogo tu, isikae mbali wala isikazwe, ili ncha ya ekseli isiharibike na gurudumu lisikurukie usoni. Hilo tulifundishwa na meno mawili ya babu yako. Halafu unatia oili ya kulegeza kutu, unapasha moto, unavuta kwa kunyoosha. Ombeni alicheka nilipomweleza. Kisha akaacha kucheka, akaenda kwenye sanduku lake akarudi na kichuma chenye miguu miwili na skrubu katikati, cha kung'olea vichwa vya betri. Alisema amekibeba muda mrefu bila kujua anakibebea nani.

Mimi nilikuwa tayari na birika la maji ya moto niyamwage palepale. Ferista akaninyang'anya. Unazijua asubuhi za Ihanda. Kioo kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, akaniuliza ni chungu gani cha baridi nilichowahi kumwagia maji yanayochemka kikabaki kizima. Yeye akachovya kitambaa, akakikamua, akakifunga pale mikono ilipoganda na kupakanda taratibu, kama anavyokanda goti la Bibi. Bibi akatoa blanketi lake litandikwe juu ya kioo, kwa sharti kwamba lisirudi na oili. Lilirudi nayo. Hilo tunaendelea kulijadili. Ombeni alikuwa ameshachora kwa sabuni kwenye kioo mahali kila mkono ulipolala, ili ukirudi ulale palepale.

Akakipachika kile kichuma, akaanza kukaza skrubu. Anazungusha, anangoja. Anazungusha, anangoja. Tukasikia "tak", mlio mdogo kama wa mtu anayevunja karanga, na mkono ukaachia. Ferista akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani amechumbiwa. Wa pili ulitusumbua hadi mchana, lakini nao ulitii. Hakuna kilichopasuka. Kiungo kikarudishwa, meno yakasuguliwa na kupakwa grisi, mikono ikalala kwenye mistari ya sabuni. Ombeni alipowasha, ikapanda na kushuka pamoja kama kwaya iliyofanya mazoezi. Nilisimama mbele ya lile gari, Ipyana, kama mwenye nyumba siku ya kuezeka.

Alhamisi iliyofuata tukaondoka tena. Mvua ilikuwa imetungoja palepale Mpemba. Waipa zikafuta. Tulipopita Isongole na vilima vya Ileje vikaanza kusogea kwenye kioo, Bibi akaanza kuvitaja kimoja kimoja, kilima na mwenyewe, shamba na aliyelilima, kijito na aliyeteleza humo akienda kubatizwa. Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Miaka yote nilidhani mama yangu ni mtu wa Mbozi.

Sitaandika jinsi walivyokutana. Walishikana mikono, na sisi tukatoka nje.

Mvua ilipokatika na jua kutoka, Bibi akaamuru dada yake aletwe aone gari. Mbonile, mwana wa Bibi Gwalugano, akambeba, akamkalisha mbele. Wakabanana wale wawili bega kwa bega kwenye kiti kile kimoja, mimi kwenye usukani.

"Hezron, washa ile mikono," Bibi akasema.

Nikawasha. Ikapanda na kushuka kwenye kioo kikavu, ikilia. Bibi Gwalugano akaitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Sasa inafuta nini, na mvua hakuna?"

"Njia," Bibi yako akamjibu. "Nikija tena niione."

Kwa hiyo gari haliuzwi. Turubai la kahawa limechimbiwa nguzo yake yenyewe, Ferista ameikagua. Wewe ukija Desemba tuletee raba mpya za waipa, maana zilizopo zimechoka kwa kufutishwa mahali pakavu, na mwezi ujao tunarudi Itumba.

Wasalimie mkeo Anna na watoto. Ferista anakusalimu, Ombeni pia, na Mbonile na nyumba nzima ya Itumba. Bibi anasema ameisikia barua hii ikisomwa na kwamba lile la goti ni uongo. Mungu akutangulie kwenye ukungu, akusafishie mbele yako.

Mimi baba yako mdogo, nikupendaye hata mtandao ukikatika,

Hezron