Bakuli la Mzee Ishida

Mpendwa Shangazi Rahamatou, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa Kiswahili changu, nilikisoma kwa mjomba aliyewahi kuishi Unguja. Mimi ni karani katika kiwanda cha kugandisha kamba wa baharini hapa Mahajanga, na tangu mwaka jana, 1983, fundi wetu wa mitambo, Mzee Ishida, ananifundisha Kijapani kila jioni nyumbani kwake bila malipo, tumevua viatu mlangoni kama kwetu, naye ni mjane, basi mama akaona haya, akanipa mkate wa sinia nimpelekee, sahani ikarudi na biskuti, maana kwao pia chombo cha mtu hakirudi tupu, mama akafurahi akapeleka wali wa nazi, sahani ikarudi na majani ya chai, akapeleka pilau, ikarudi na kikombe alichokuwa akinywea marehemu mkewe, nami niliona pengo lake pale rafuni kwake. Nikaogopa, nikaacha masomo wiki mbili, nikasingizia tumbo. Akaja mwenyewe na supu ya samaki, katika bakuli lake! Mama anasema, "Lirudi tupu, Boinali? Atatuonaje?" na jana nimemkuta anapangusa bangili zake za harusi. Dada yangu Hayrat anacheka: "Mwisho tutampa nyumba, sisi tukapange." Mimi sicheki. Nikimzuia mama nitamvunja moyo, nikimwambia mwalimu nitamkosea adabu, nikinyamaza bangili zinakwenda. Nifanye nini?

Boinali, Mahajanga

Mwanangu Boinali,

Elimu yote hiyo, na hujaona kwamba hawa ni waungwana wawili wanaopendana kwa sahani, wewe ukiwa mpagazi wao? Hofu yako naielewa. Uongo wa tumbo siuelewi: mzee wa watu amesimama jikoni kukupikia, nawe mzima! Kamwombe radhi leo, kwa Kijapani, hata ukikosea.

Bangili zirudi sandukuni. Mwambie mama nimesema mimi. Kikombe kaeni nacho. Aliyekupa kitu cha marehemu wake amekwisha kukufanya mtoto wa nyumbani, na hilo halilipwi.

Ijumaa baada ya swala, mwalike aje kula kwenu. Viatu atavua bila kuambiwa. Chai anywe katika kikombe cha mkewe, nawe ukae katikati yao utafsiri, uache kutetemeka. Chakula chake mama ampakulie katika bakuli lile lile. Hapo litarudi kwake tupu bila aibu ya mtu, kwa kuwa atakuwa amelimaliza mwenyewe.